Springi Zilizochomwa za Pijo ya Marehemu Shamshudin

Haider alianza kupiga kelele akiwa getini, kabla hata hajazima injini.

"Valdemar! Njoo uone ulivyoniharibia gari ya marehemu baba!"

Mafundi waliokuwa nje pale gereji ya Chikongola waliacha kazi wakatazama. Valdemar alijifuta mikono kwa tambara, akaja polepole. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, thelathini kati ya hiyo ameimaliza chini ya magari, na hakuna aliyewahi kumwita mharibifu.

Pijo 504 nyeupe ilikuwa imeinama mbele, tairi la kushoto limemezwa nusu na bodi. Wiki mbili nyuma Haider, mwenye duka la vitambaa Mikindani, aliileta akitaka ishushwe, ikae chini kama magari ya vijana wa Dar, kwa kuwa Jumamosi ingembeba dada yake Nishat kwenye harusi. Pesa za kuagiza springi fupi hakuwa nazo. Valdemar akamwambia ipo njia rahisi kwa mfuko, ila inataka subira: kuzitoa springi zote nne na kuzikata mzunguko mmoja mmoja kwa grenda, kidogo kidogo, kila mara akizipoza kwa maji ili chuma kisipate moto. Kazi ilimla siku mbili. Gari likashuka vidole vitatu, pande zote sawa, likapita matuta ya Rahaleo bila kugusa.

"Nimeshawaambia watu dukani," Haider alisema. "Wote wanajua ni kazi yako. Jana tumbo la gari limekwaruza tuta, mama yumo ndani, kagonga kichwa!"

Valdemar alihisi masikio yanamwaka. Alipiga jeki, akafungua tairi, akamulika tochi. Springi ilikuwa imebadilika rangi, nyeusi yenye samawati, na mizunguko ya chini imelaliana kama chapati kwenye sahani. Huo ulikuwa moto wa gesi. Springi ikishapikwa hivyo, nguvu yake hairudi.

Akaenda ukutani, mahali anapotundika kila kipande cha springi alichokata, kimefungwa waya na kibao chenye jina la mwenye gari na tarehe. Wenzake humcheka kwamba anakusanya hirizi. Akashusha vipande vinne vya Haider, vimelingana, havina hata doa la moto, akavitupa miguuni pake.

"Nilichotoa mimi ni hiki. Sasa nani kaichoma hii?"

"Mimi nitajuaje?"

"Usinichezee, Haider. Nilipokwenda Kitaya kumzika shangazi yangu, lazima ulikuja hapa."

Kwenye kibanda cha kuchomelea, nyundo ilinyamaza. Danieli, shemeji yake Valdemar, alitoka na miwani yake ya kazi usoni.

"Shemeji, mwenyewe alilalamika. Alisema umemshushia gari kidogo mno, linafanana na la padri. Akataka vidole viwili zaidi. Nikapuliza moto kidogo tu, hata springi sikuzitoa. Dakika kumi."

"Dakika kumi!" Valdemar aliitupa tochi. "Na alipokuwa ananitukana hapa sasa hivi, wewe ulikuwa unagonga nini huko ndani?"

Danieli akainama kuokota tochi.

"Basi bana, yamekwisha," Haider alisema. "Nitengenezee. Harusi keshokutwa."

"Hayajaisha. Ulinichafua dukani, utanisafisha dukani."

Kwenye mkweche wa Pijo nyingine uliooza nyuma ya gereji zilikuwapo springi nzima. Valdemar alizihamisha zote nne, hakukata hata moja. Ijumaa asubuhi akaliendesha gari mwenyewe hadi Mikindani, akalisimamisha mbele ya duka.

Haider alitoka mbio. "Mbona limesimama kama jogoo?"

"Ndivyo baba yako alivyolinunua."

Aminabai, mama yake Haider, alikuwa mlangoni, wateja nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Nasikia ulitaka kuniua."

Ufunguo ulikuwa ndani ya ngumi ya Valdemar. "Mwanao ana neno, mama. Akishalisema, ufunguo huu hapa."

Haider alinong'ona jambo akitazama viatu vyake.

"Sauti!" Aminabai alisema. "Siku ile ulisikika hadi msikitini. Hawa hawa ndio uliowaambia."

"Si Valdemar," Haider alisema, uso umemwiva. "Yeye alikata vizuri. Mimi ndiye niliyepeleka gari springi zikachomwe."

Mteja mmoja akaguna. Aminabai akafungua mlango wa gari, akakaa bila kuyakunja sana magoti yake mabovu. "Hapa sasa naingia kama mtu," alisema. "Fundi, karibu chai."

"Leo chai haitapita kooni, mama. Siku nyingine."

Akamkabidhi mama ufunguo. Kisha akachukua kutoka kwenye buti ile springi iliyochomwa, akaondoka nayo mkononi kuelekea barabara kuu, anatembea haraka. Nafasi yake ukutani alikuwa ameshaichagua, na kibao alikwisha kukiandika. Safari hii hakikuwa na jina la mwenye gari. Kilikuwa na jina la Danieli.