Salamu za Njia ya Tulu Roba

Watu husema mji wa Isiolo ni tambarare. Hao hawajawahi kutembea na mtu ambaye mguu wake mmoja umegoma. Mimi pia nilidhani hivyo, hadi mama yangu alipopata kiharusi na njia niliyoipita tangu utotoni ikaota vilima. Kutoka kwetu Chechelesi kuna mteremko hadi barabarani, mwinuko wa kuingia sokoni, bonde la mkondo uliokauka, halafu mlima wenyewe, Tulu Roba, anakokaa dada yake mkubwa.

Mama mkubwa alivunjika nyonga na hatoki kitandani. Kwa miaka yote mama alikuwa akimwendea kila Ijumaa na chupa ya maziwa ya ngamia, maziwa aliyoyauza pale sokoni tangu mimi nikiwa mtoto. Kiharusi kikaikata safari hiyo. Kilichukua mguu wa kulia, kikachukua na maneno. Mama angeanza kuomba sukari, sentensi ikamkwama katikati, akanyamaza huku akiangalia dirisha. Aliona aibu. Dada yake alipopiga simu, mama alitikisa kichwa, nami nikajibu kwa niaba yake, "Amelala, mama mkubwa." Kila siku alikuwa amelala.

Kupandishwa mlimani kwa pikipiki hakutaka, wala kwa gari la jirani. Alitaka afike kwa miguu yake, dada yake amwone akiingia mlangoni amesimama. Hakuwa na haja nyingine duniani, nami niliapa kumfikisha.

Daktari wa mazoezi akasema atembee nusu saa kila asubuhi, bila kusimama.

Bila kusimama! Kwetu salamu haitupwi ukapita. Unauliza amani, unauliza nyumbani, watoto, mifugo, mvua, kisha unarudi kwenye amani kana kwamba hukuiuliza. Na mama alijulikana na njia nzima. Kulikuwa na fundi wa magurudumu, muuza miraa, na kina mama wa maziwa na madumu yao ya manjano, wa mwisho wao akiwa ameketi pale chini kabisa ya Tulu Roba, ambapo tulikuwa tukigeukia kurudi. Ajabu ni kwamba maneno mengine yote yalimkatalia, lakini salamu hazikumkatalia hata moja. Alisema "Nagaa" kwa Waborana, "Ejoka" kwa Waturkana, "Muga" kwa Wameru, kila moja ikatoka safi. Mimi nilisimama pembeni na saa ya simu, nikichemka. Mimi ni mwalimu wa hesabu, napenda kitu kinachoanza kikaisha.

Basi nikabadilisha njia. Tukawa tunazunguka nyuma ya bustani ya mji, tukapanda kule kwenye nyumba mpya za kupanga, penye mageti yaliyofungwa na watu waliokuja kikazi wasiomjua mtu. Nusu saa ikapita bila kusimama. Siku ya kliniki nilimweleza daktari kwa majivuno makubwa.

Wiki ya pili mama alianza kuburura mguu. Wiki ya tatu alikaa kwenye benchi la bustani chini ya mwarobaini akakataa kuinuka. Nyumbani hata neno "maji" likampotea. Niliamini ugonjwa unarudi, na siku moja nililia jikoni nikikatakata vitunguu ili nipate cha kusingizia.

Alhamisi alasiri wakaja wanawake watatu wa maziwa, na dumu la lita tano na sukari kilo mbili. Wakakaa kwenye mkeka, mama akiwa pale kwenye kochi. Niliwamiminia chai, hawakuigusa.

"Mwalimu," akasema mkubwa wao, "sisi tumekuja kuomba msamaha."

"Msamaha ya nini?"

"Hiyo ndiyo tunataka kujua. Mama alikuwa anapita kwetu kila siku. Saa hii mnazunguka huko nyuma ya bustani. Tulimkosea wapi?"

Uso ukaniwaka moto. Kwetu, mtu akiacha njia yako ameshakwambia ana kinyongo, hana haja ya kufungua mdomo. Nimezaliwa hapa, nalijua hilo kama ninavyojua jina langu, lakini nilikuwa nimeangalia saa tu. Kwa wiki tatu nilikuwa nikiutukana nusu ya mji kwa niaba ya mtu asiyeweza kujieleza.

"Ni mimi," nikasema. "Daktari alisema asisimame."

"Asisimame," akarudia yule mama. "Na sasa anatembea?"

Nikautazama ule mguu. Mama akacheka, mdomo ukienda upande, kicheko cha kwanza tangu augue. Kisha akaanza nao salamu upya, mmoja baada ya mwingine, na chai ikanywewa.

Kesho yake tulirudi njia ya zamani, na simu nikaiacha nyumbani. Ndipo nikaona nilichokuwa nacho mbele ya macho siku zote. Mama hakuwa akisimama kwa ajili ya salamu, alikuwa akitembea kwa ajili yake. Akimwona mtu mbele, ule mguu mbovu uliharakisha, maana kumsalimia mtu mzima kwa mbali ni utovu wa adabu. Wale wanawake nao walikuwa wamekubaliana kimyakimya. Mmoja alihamishia madumu yake katikati ya mlima ambako hakuna mteja. Mwingine akakaa karibu na kilele. "Hapa kuko na kivuli," akaniambia. Hapakuwa na kivuli hata cha kuku.

Baada ya wiki kadhaa, asubuhi moja ya Ijumaa, mama hakugeuka pale chini. Alipanda, kutoka salamu hadi salamu, nami nyuma yake mikono tayari.

Tulipofika, mlango ulikuwa wazi. Mama mkubwa alikuwa ameinuliwa kwa mito, chupa ya chai kando yake na vikombe vitatu. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Nimemsikia tangu chini," akasema. "Kila asubuhi nilikuwa namsikia pale chini, nikijua yuko. Halafu salamu zikanyamaza. Nikipiga simu, wewe unaniambia amelala. Mgonjwa hufichwa msiba, mwanangu. Nilisema amekufa. Nilimsomea Yasini, hadi asubuhi zile salamu ziliporudi."

Nilipiga magoti nikamshika mkono. Niliomba msamaha, na bado naona haya nikikumbuka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu. Akafungua mdomo, maneno yakamkatalia. Akajaribu tena, yakamkatalia. Kisha akauliza amani kwa Kisomali chetu, "Nabad?"

"Nabad," akajibu dada yake.

Wakaulizana nyumbani, wakaulizana watoto. Wakaulizana mifugo, ingawa hakuna kati yao mwenye hata mbuzi mmoja. Wakaulizana mvua. Walipofika mwisho, mama mkubwa akarudi kwenye amani, wakaanza upya. Chai ikapoa. Sikumharakisha mtu.