Mnong'ono Kwenye Mazishi Huko Matiliku

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusahau kutenganisha simu na spika ya Bluetooth iliyokuwa kando ya jeneza baada ya nyimbo. Mimi ndiye fundi wa mitambo, niliyejifunza mwenyewe. Mchungaji alipoomba tunyamaze kumkumbuka marehemu, nilivaa earphone nimalizie ile tamthilia ya mauaji inayosifiwa na kila mtu, iliyotafsiriwa Kiswahili. Sikusikia kitu, nikaongeza sauti.

Mnong'ono ukatoka karibu na jeneza: "Bado napumua."

Mjane akasimama. "Muthoka wangu yuko hai! Mnangoja nini? Fungueni!"

Wanaume wakashika kifuniko. Nikatoka nyuma ya hema, simu mkononi.

"Ni simu yangu, mama. Ni tamthilia niliyokuwa nikitazama."

Akaketi polepole, kama aliyefiwa upya.

Siku hizi sitazami chochote nikiwa kazini.