Tisini na Moja Elfu na Mia Nne

Mume wangu aliniachia agizo moja tu, nami nikalisahau kwa siku kumi na moja.

Alikuwa fundi wa sola, anayejulikana kuanzia Diani hadi Msambweni, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa. Lakini akirudi kutoka kazini alikaa kitako sakafuni, ulimi nje, akicheza gemu kwenye mtambo wa kaseti aliokuwa nao tangu utotoni Ukunda. Plastiki yake ya kijivu ilikuwa imegeuka manjano. Kaseti alizinunua kwa muuza vitu vikuukuu wa Kona ya Musa, na ikikataa kusoma aliipuliza, akaipachika tena, akasema bismillahi. Wenzake walikuwa na gemu za simu, magari yanang'aa na watu wanatoka jasho. Yeye alikuwa na kidege cha vidoti kinachopiga vidoti vingine. Nilimcheka sana. Siku nyingine nilikaa nikacheza naye, nikashindwa, nikamnunia.

"Hizi za simu zinakubembeleza," aliniambia. "Ukifa zinakurudisha palepale ulipofia. Hii ukifa umekufa, unaanza mwanzo. Ndiyo maana ukifika mbali unajua kweli umefika."

Mtambo ule haukuwa na kumbukumbu. Madamu unawaka, ulionyesha juu ya skrini alama nyingi kabisa zilizowahi kupatikana. Ukizimwa zilifutika, na ukiwashwa tena ulirudi kwenye elfu kumi zilizowekwa kiwandani, kana kwamba hakuna aliyewahi kuugusa.

Jumapili ile nilikuwa kwetu Matuga nikimuuguza dada yangu. Asubuhi ya Jumatatu mume wangu alinipigia simu kabla ya kwenda kazini. Alisema jana amefika mahali hajawahi kufika tangu azaliwe, amezima runinga lakini mtambo ameuacha unawaka. "Usiuzime. Nikirudi nitakuonyesha." Nikasema haya, nikamwuliza kama amekunywa chai. Kabla ya saa nne alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa la nyumba ya wageni. Alasiri tulikwisha mzika.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna kuvuka mlango ila kwa dharura. Nilikaa eda katika nyumba ya mavyaa wangu, mama mzazi wa marehemu, kijijini ndani kidogo ya Msambweni, ambako ndiko tulikokuwa tukiishi. Umeme wa nguzo haujafika huko. Umeme wa nyumba ile aliufunga yeye mwenyewe mume wangu: paneli juu ya bati, betri pembeni mwa chumba chetu. Wanawake waliokuja matangani waliifunika runinga kwa kanga, kama inavyofanywa, na kanga ikaufunika mtambo nao.

Siku ya kumi na moja nilikuwa nikifagia. Chini ya pindo la kanga niliona taa ndogo nyekundu. Ndipo nilipokumbuka agizo lake.

Nilifunga mlango, nikaondoa kanga, nikawasha runinga bila sauti. Juu ya skrini palikuwa na nambari: tisini na moja elfu na mia nne. Ndiyo aliyotaka kunionyesha. Hatukujaaliwa mtoto, na shati lake la kazini lilikwisha fuliwa na watu wenye nia njema, Mungu awasamehe. Katika nyumba nzima hakukuwa na kitu kingine alichokifanya kwa mkono wake siku zake za mwisho kikawa bado kinaendelea. Nilipiga picha kwa simu, maana sikuwa mjinga. Lakini picha ya mtu si mtu.

Basi kila alasiri, wageni wakipungua, nilimtazama. Baadaye nikaanza kucheza. Najua mjane hafai kuonekana na gemu mkononi, na mtu akitaka kunihukumu nafasi anayo. Nilicheza kwa sababu nilipokwepa nilikwepa kama alivyonifundisha, na kidole gumba kikakumbuka mambo ambayo kichwa kilikwisha yaachia. Hatari ilikuwa moja: nikimpita, nambari yangu ingekaa mahali pa yake. Kwa hiyo nikifika themanini na tano elfu nilishusha mikono nikakiacha kidege kigongwe. Nikawa hodari wa kufa kwa makusudi.

Mavyaa alinikuta siku moja, ameingia bila hodi. Alinitazama mimi, akaitazama runinga.

"Hivi ndivyo unavyomlilia mwanangu?"

Sikuwa na la kujitetea ila ukweli, nikamwambia wote. Alisikiliza amesimama, ameshika ukingo wa mlango.

"Hiyo nambari ni yake?"

"Ni yake, mama."

"Na ukizima?"

"Inaondoka. Hairudi tena."

Alikaa kitandani, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akanyanyuka, akazima runinga kwa kitufe nilichomwonyesha, akaifunika kwa kanga mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemfunika aliyelala. Tangu siku hiyo majirani waliozoea kuja kuchaji simu zao kwetu waliambiwa betri imeharibika. Yule mama aliyenifokea mwezi mzima kwa kusema nimekula ilhali sijala, alikuwa akisema uongo barazani bila kupepesa jicho.

Masika yalipoingia na jua likafichwa siku nne mfululizo, tulizima taa zote tukala gizani, mimi na yeye, tukihofia betri. Wifi yangu alipokuja kutujulia hali alishangaa, akasema tumepotelewa na akili pamoja na marehemu. Hakukosea sana.

Eda ikaisha. Nilioga, nikavaa nguo za rangi, na kaka zangu wakaja kunichukua, maana mjane asiye na mtoto hana hoja ya kubaki. Mtambo sikuweza kuondoka nao, kwa kuwa kuubeba ni kuuchomoa. Mavyaa aliniona nilivyosimama mbele yake.

"Niachie mimi," alisema. "Nilimlea mwenyewe, taa moja itanishinda?"

Nilirudi Matuga, nikapata kazi ya kushona sare. Kila Ijumaa baada ya swala mavyaa alinipigia. Hakuwa na maneno mengi. "Inawaka," alisema. Nami nikasema alhamdulillahi, na wiki yangu ikaweza kuanza.

Baada ya mvua za vuli nilikwenda kumwona, nimebeba sukari na majani ya chai. Nilipiga hodi, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba kutoka ndani ya giza. Alipotokea mlangoni niliona kovu bichi juu ya nyusi na mguu umefungwa kitambaa. Alikuwa ameziondoa balbu zote, hata ile ya ukumbini, ili betri imtoshe mwanawe. Akiamka kutawadha kwa ajili ya alfajiri alipapasa ukuta, na mara mbili ukuta ulimpotea.

"Si kitu," alisema. "Ingia umwone."

Taa nyekundu ilikuwa ikiwaka. Mavyaa hakuwahi kuigusa runinga tangu niondoke, aliogopa asije akabonyeza kisichobonyezwa. Yeye aliilinda taa tu. Niliwasha runinga. Juu ya skrini palikuwa na elfu kumi.

Nilielewa papo hapo. Katika siku za mawingu, pengine alipokuwa shamba au amelala, betri iliisha, mtambo ukazimika, jua likatoka, ukawaka wenyewe. Aliporudi alikuta taa kama alivyoiacha. Huenda ni mwezi uliopita, huenda ni wiki ileile niliyoondoka.

"Ipo?" aliuliza nyuma yangu.

"Ipo, mama."

"Nisomee. Macho yangu hayafiki."

Nikaitazama elfu kumi nikamsomea: tisini na moja elfu na mia nne. Akarudia polepole, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilimsihi turudishe angalau balbu ya ukumbini. Akaniuliza, mwanawe akizimika je, nani atalijibia hilo mbele ya Mungu. Niliondoka nikijua nimefanya nini. Kama ningesema kweli, mwanawe angemfia mara ya pili, na mimi ndiye ningekuwa nimempa habari. Kwa kusema uongo nilimwacha kwenye giza akilinda mtambo mtupu. Mara tatu, siku za Ijumaa, nilifungua kinywa nimwambie, na mara tatu nikasema alhamdulillahi.

Ijumaa iliyopita simu ilipigwa na wifi. Mama ameanguka tena gizani, amevunjika nyonga, yuko hospitalini na hatoki leo wala kesho. Akampa simu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hakunieleza maumivu. Aliniuliza ni nani amebaki nyumbani kuiangalia taa.

Nikamwambia nakuja kuiangalia mimi.