Lebo Niliyombandikia Pengwini

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa kidato cha pili, hapa hapa Voi. Mwanaisha, mtunza kabati la mifupa la klabu ya sayansi, alikuwa anamaliza shule. Alinipa ufunguo akicheka. "Wewe hata rejista ikiitwa unanong'ona. Mtapatana na mifupa, mwenzangu."

Kwa nyinyi mtakaonifuata, kazi ilikuwa kupima, kuchora na kuandika lebo. Tulikuwa na miguu ya kanga, mguu wa mbuni kutoka Ndara, na nakala ya plasta ya mfupa wa mguu wa pengwini mkubwa aliyetoweka zamani sana. Hiyo niliiweka kwenye mizani, kisha nikaandika: "Mfupa huu ni mzito, hauna uwazi ndani kama mifupa ya ndege wanaoruka. Uzito ulimsaidia kupiga mbizi. Kwa hivyo ni pengwini." Madam wa Biolojia, mlezi wetu, akatia sahihi.

Kidato cha tatu tukaipeleka kwa mashindano ya sayansi. Nikiipanga mezani, vidole vyangu vikabaki vyeupe kwa unga wa plasta. Nilikuwa nimepima plasta, si mfupa! Hata kanga ukimtengenezea nakala ya plasta, itakuwa nzito.

"Madam, lebo si ya kweli."

"Wakesho, jaji yuko meza ya pili. Nyamaza tu. Si kunyamaza ndiyo kazi yako kila siku?"

Jaji, mzee mpole, akasoma lebo, akaitikia kwa kichwa. Nikinyamaza, tunapita.

"Mzee, hapo nimekosea."

"Sema kwa sauti, binti."

Nikarudia kwa sauti: nilipima uzito wa plasta, si wa mfupa.

"Basi utajuaje ni pengwini?"

Nikamwonyesha kwa kidole: mfupa ni mfupi na mpana, kwa kweli ni mifupa mitatu iliyoungana nusunusu, mifereji bado inaonekana katikati, chini kuna vichwa vitatu vya kushikia vidole, mbuni ana viwili. Umbo linakuonyesha jamii kwanza. Aina yenyewe unaitafuta kwa alama ndogo zaidi.

"Hayo ndiyo ungeandika," akasema, akapunguza alama.

Hatukupita.

Leo nastaafu; mtihani wa kidato cha nne unaanza Jumatatu. Lebo ya pengwini nimeiandika upya. Lakini kabatini kuna zingine kumi na nne, zote kwa mwandiko wangu. Kuhusu hizo hakuna aliyewahi kuniuliza. Tafadhali, anzeni nazo.