Diski za Vendel Zinazogoma Ghorofa ya Tano

Vendel Bakos alitumia ujana wake kutengeneza lifti za mji wa Szeged. Sasa amestaafu, lifti ya jengo lake mwenyewe imekufa, hakuna anayekuja kuitengeneza, naye hupanda ngazi kwa miguu akihema, na diski mfukoni. Anakwenda kwa Gizella, ghorofa ya tano. Majirani hufungua milango nusu, wakamwona anapita na shati lililopigwa pasi, kisha hurudi kwenye supu zao wakiwa na la kuzungumza.

Chanzo ni mchezo wa kompyuta. Ottokár, marehemu mume wa Gizella, alikuwa na kompyuta ya Commodore kama ya Vendel, zile zenye umbo la mkate na rangi ya uji wa ulezi. Watu wa rika lao walizivusha mpaka kutoka Viena chini ya makoti ya wake zao, na wake wakapita mbele ya askari wa forodha kama wajawazito waliopitiliza. Kila Jumapili baada ya chakula, Ottokár na mkewe walicheza mchezo wa nyuki wawili wanaogombea mzinga. Mwaka jana Ottokár akafa, na diski ya nyuki ikaota ukungu. Gizella hakutaka faraja za kasisi wala za dada zake. Alitaka nyuki wake. Akamwomba Vendel, maana jengo zima lilijua kwamba Vendel ana maradhi yaleyale ya marehemu.

Vendel akaupata mchezo mtandaoni. Mtu fulani wa Ufini alikuwa ameinakili diski nzima ikawa faili moja, hivyo ikabaki kuirudisha faili hiyo kwenye diski ya kushika mkononi. Laptopu huku, draivu ya zamani kule, yaani lile sanduku linalosoma na kuandika diski, na katikati waya aliouunga mwenyewe. Faili ikapita bila manung'uniko. Akajaribu kwake, nyuki wakaruka. Akanyoa ndevu, akapanda.

Kwa Gizella draivu ilikoroma, ikagonga, ikakoroma tena, na kioo kikaandika kwamba hakuna kitu humo.

Akashuka, akapunguza kasi ya kutuma. Akapanda. Hakuna kitu. Akabadilisha waya, akatafuta diski nyingine, akamtukana Mfini wa watu. Ikawa mtindo: kwake nyuki wazima, kwa Gizella maiti. Na kila safari Gizella alimtolea pogacha za moto, vile vimkate vya chumvi, na divai iliyozimuliwa kwa soda. Kwa hiyo tusidanganyane, haraka haikuwa nyingi. Ilikuwepo njia ambayo hata mlevi wa klabu yao ya kompyuta angeiona: kubeba laptopu na waya hadi juu, na kuiandika diski kwa draivu ya Gizella mwenyewe. Vendel aliiona siku ya kwanza. Ila kazi ingeisha asubuhi moja, na mtu aliyekwisha kumaliza kazi anapandia nini?

Wiki zikapita. Gizella akaanza kukikodolea macho kioo kitupu, na Vendel, kwa kuona haya, akatafuta wa kubebeshwa lawama. Akapanda na bisibisi. Akabusu mkono wa Gizella kama adabu inavyotaka, akatangaza kwamba draivu yake ni mgonjwa. Kichwa cha kusomea kimehama. Atakisogeza kidogo tu.

Gizella, aliyezeekea nyuma ya kaunta ya duka la dawa, akaweka mkono juu ya draivu.

"Ukikisogeza, diski za Ottokár zitasomeka?"

Vendel akakohoa. Akasema huenda zikasomeka. Halafu akasema huenda zisisomeke.

Gizella akafungua droo. Akaingiza diski ya marehemu mume wake, ikafunguka. Akaingiza ya binamu yake, ikafunguka. Akaingiza ya Zsiga wa klabu, ikafunguka huku ikinguruma kama paka.

"Inasoma za kila mtu, Bwana Bakos. Zako tu ndizo inazokataa. Mtu akija dukani kuniambia mji mzima unanuka, mimi humwambia afungue mdomo nimwangalie meno."

Vendel akacheka. Kisha akakumbuka. Mwaka themanini na nane alikuwa ameifungua draivu yake mwenyewe akainyoosha kwa sikio, kwa mbwembwe, kama alivyokuwa akinyoosha lifti. Tangu hapo klabu nzima ililalamika kwamba diski zake hazisomeki, naye akawaita wazembe. Yeye na Zsiga walinuniana miaka kwa hilo. Kichwa kilichopinda huandika pembeni, na kikijisoma chenyewe huona kila kitu kimenyooka. Vendel alilijua hilo vizuri sana. Aliwahi kuwahutubia wenzake.

Akairudisha bisibisi mfukoni.

"Iliyopinda ni yangu," akasema. "Na kuna njia ya kuandikia hapahapa. Niliijua tangu siku ya kwanza."

"Najua uliijua. Ottokár aliwaandikia watu diski kwenye meza hiihii. Nilidhani ngazi zitakushinda mapema."

Akamtuma kuleta laptopu kabla pogacha hazijapoa. Vendel alishuka na kupanda bila kupumzika, moyo ukimdunda kwa sababu za kitabibu na nyinginezo. Faili ikapita, draivu ikasoma, nyuki wakatoka mzingani. Gizella akawatazama, akafuta miwani, akavaa tena. Vendel alipotaka kushika usukani wa kuchezea wa kulia, Gizella akampokonya.

"Huo wa Ottokár. Wewe shika wangu."

Akamchapa. Akamchapa tena, bila huruma, akimcheka kila nyuki wake alipoanguka. Walipochoka akamuuliza kama sasa ataenda kuinyoosha ile draivu yake. Vendel akaeleza kwa unyonge kwamba akiinyoosha, diski zake zote za maisha zitakuwa takataka, maana hakuna mashine nyingine duniani inayozielewa.

"Basi usiiguse. Na kama zinasomeka kwako tu, wiki ijayo nitashuka mimi."

Vendel alishuka ngazi polepole, akijiuliza mtu anaficha wapi soksi chafu za msimu mzima wa baridi.