Ghanim na Maneno ya Barazani

Ghanim alianza kujifunza Kiingereza kwa hasira. Alikuwa amepita miaka sitini, anauza nyavu, kamba na taa za wavuvi hapa Rumonge, katika duka alilorithi kwa baba yake. Babu yake ndiye aliyekuja kutoka Omani. Siku moja likaja katoni la taa lenye maelezo ya Kiingereza kitupu, Kifaransa hata mstari mmoja hakuna. Ghanim akaigeuza ile karatasi, akaigeuza tena, akaitupa chini.

"Kitu kiko mu duka yangu mwenyewe," akaniambia, "na kinasema maneno mimi sisikii! Hiyo ni dharau, Casimir."

Mimi ni fundi wa mota za boti, na karakana yangu iko ukuta kwa ukuta na duka lake. Nilikulia Baraka, ng'ambo ya Kongo. Vita vikanipeleka kambini Tanzania, kisha nikahamia huku. Kiingereza nilikuwa nacho kidogo, cha kambini, cha kuombea maji na dawa. Basi nikageuka mwalimu nisiyelipwa. Ghanim alipokwenda Kigoma kuchukua mali alirudi na mfuko wa herufi za mbao, na mchezo ukaanza: unachomoa herufi saba bila kutazama, unazimwaga barazani, kila mtu anatafuta maneno ya Kiingereza yanayoweza kutoka ndani yake.

Lakini Ghanim hakuweza kucheza mchezo wa watu bila kuutia amri yake. Neno, alisema, lazima tulione. Usipoweza kunyoosha kidole kutoka barazani na kuonyesha kitu chenyewe, neno halihesabiwi. Ndiyo maana sisi wawili tulijua net na oil na palm, wavu na mafuta na mchikichi, ila snow, theluji, hatukuitaka hata kuisikia. Siku moja akapanga senator, herufi zote saba. Nikamcheka: seneta yuko wapi hapa, kati ya bidoni za mawese na wauza samaki wa ndagala? Akakataa kuliondoa. Aliliacha palepale, mvua ikinyesha analifunika kwa bakuli, mpaka kweli seneta mmoja aliyekuwa akielekea Nyanza-Lac akasimamisha gari, na walinzi wake, kununua samaki wa mugebuka. Ghanim aliruka kama mtoto. Kwa wiki nzima kila mteja alisimuliwa, atake asitake.

Alikuwa mbishi, tena mpenda sifa. Lakini mke wake, Hindu, alipofariki, sikumwona akilia. Matanga yalipokwisha alikuja barazani, akamwaga herufi mbele yangu, akasema, "Cheza." Nikacheza.

Ugonjwa wa kusahau ulimwingia polepole. Kwanza bei, halafu majina ya wateja, halafu saa za sala. Mwaka huu, siku moja, alitoka asubuhi akisema anakwenda kufungua duka la baba yake, na kijana wa pikipiki ya taxi-moto akamkuta mbali kule Kigwena, amekaa ndani ya mtumbwi wa watu, viatu mkononi. Ndipo Taqwa, binti yake wa pekee, akaja kutoka Bujumbura.

"Papa Casimir, ninamupeleka kwangu Buyenzi," akasema. "Huku nani atamuchunga? Kama angeingia mu maji?"

Nilikasirika, na nilikasirika zaidi kwa kuwa alisema kweli. Kumtoa Ghanim Rumonge ni kummaliza. Huko Buyenzi angenyooshea nini kidole? Geti la nyumba?

"Baba yako iko na akili," nikamwambia. "Anasahau njia, hasahau watu. Mimi niko hapa siku yote, nitamuchunga. Muache acheze, utaona mwenyewe."

Taqwa akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Sawa. Nikiona bado anajua, nitamuacha kwako."

Kesho yake asubuhi nilifanya udanganyifu, wala sijutii. Sikuchomoa herufi bila kutazama. Nilizichagua moja moja ili lake, ziwa kwa Kiingereza, iwemo, maana ziwa liko mbele ya macho yetu na hata mgonjwa halikosi. Nikazimwaga barazani: A, E, K, L, R, S, T.

Ghanim alitoka ndani na kanzu safi, akatutolea salamu, akaketi. Akazitazama herufi. Mabasi mawili yakapita kwenda Bujumbura, bado anazitazama. Nilitaka kumnong'oneza, lakini Taqwa alikuwa ananitazama.

Kisha kidole chake kikaisogeza L. Lake. Akaonyesha ziwa. Salt. Akaonyesha magunia ya chumvi kwa jirani. Halafu akazikusanya zote, akazipanga taratibu, na lilikuwa neno ambalo hata mimi sikuwa nimeliona: talkers. Wasemaji. Akatunyooshea kidole mimi na Taqwa, akacheka kicheko chake cha zamani.

Nikapiga paja langu kofi. "Umeona? Umeona, mama?"

"Nimeona, Papa Casimir," akasema Taqwa, na alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Basi abaki."

Nilifurahi jinsi ambavyo sikuwa nimefurahi kwa muda mrefu. Ghanim akanigeukia, akaweka mkono kifuani kwa adabu, ile adabu anayowapa watu waliotoka mbali.

"Murakoze, asante sana, ndugu mugeni," akasema. "Umenipitishia saa vizuri. Lakini unisamehe, uhame hapo. Hapo ni pa Casimir, na saa hizi anakuja."

Taqwa alinitazama. Nilifungua mdomo nimwambie mzee kwamba ni mimi, nikamwona alivyokwisha kugeuza uso barabarani, anatabasamu, anamtafuta mtu wake kati ya wapita njia.

"Sawa, mzee," nikasema, nikasimama.

Taqwa aliingia ndani kukunja nguo za baba yake kwa safari ya Buyenzi. Nilikwenda kukaa mlangoni pa karakana yangu, hapo hapo karibu, nikimtazama Ghanim akiningoja.