Kofia Mdomoni mwa Turbo

Fundi Kouider wa Tiaret alikuwa na dawa yake ya usahaulifu. Kila alipofungua menifodi, lile bomba zito linalopeleka moshi wa injini kwenye turbo, aliuziba mdomo wa turbo kwa kofia yake mwenyewe, kitu kisidondokee ndani. Mwenye kipara atasahauje kofia?

Siku hiyo alikwishafunga menifodi mpya kwenye gari la Haji Belkheir, ufunguo mkononi, tayari kuwasha, alipojipapasa kichwa. Kitupu! Kofia imebaki ndani! Akafungua bolti zote upya, akachungulia. Hamna kitu.

"Unatafuta hii, fundi?" Haji alikuwa anarudi kutoka msikitini, kofia kichwani mwake. "Nimekuta umeisokomeza kwenye masizi. Huna haya wewe? Kofia ya kusalia!"

"Umeitoa saa ngapi, Haji?"

"Si pale ulipokuwa unapigana na ile bolti iliyokwama! Nikaikung'uta, nikaenda nayo kusali. Nishukuru basi!"

Kouider aligeukia turbo. Bolti ile aliikata kwa msumeno juu ya mdomo ule ule, na kipande kiliporuka hakuhangaika kukitafuta, maana alijua kofia ipo.

Akaingiza kidole kwenye turbo, akaisukuma feni yake ya ndani taratibu. Ikazunguka nusu, ikagonga chuma, ikakwama.